Kivuli Kilichopewa Kiti

Yezina aliliona jambo lile siku ya Jumatatu, mama yake alipoinama kuokota kipande cha sabuni kilichomteleza. Mama aliinama, kivuli chake hakikuinama. Kilibaki kimesimama kwenye ukuta wa mabati, shingo imenyooka, kama mtu anayesikiliza jina lake likiitwa kwa mbali. Mama alipokwisha kunyanyuka na kuisuuza sabuni, ndipo kivuli kikainama haraka haraka, kikaokota kisichokuwepo, kikanyanyuka.

Yezina hakusema kitu. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na watu wa uwanjani walishazoea kwamba hasemi. Shule aliiacha darasa la nne, mwaka ambao mwalimu aliwaambia watoto wa uwanjani kwamba hakuna haja ya kuwaagizia vitabu vipya kwa kuwa wanaondoka. Mwaka ule hakuondoka mtu.

Uwanja ulikuwa pembeni mwa mji wa Gondar, umezungushiwa mabati yaliyopakwa rangi ya buluu na nyeupe. Ndani yake kulikuwa na sinagogi la mabati, darasa moja, jiko la kuwapikia watoto, na mabenchi mengi. Familia za Kiyahudi zilizosali pale zilikuwa zimeuza mashamba na ng'ombe huko vijijini zikahamia mjini, kwa sababu ziliambiwa safari ya kwenda Yerusalemu iko karibu. Zikapanga vyumba vya udongo kuuzunguka uwanja. Wengi walipanga kwa miezi mitatu. Huu ulikuwa mwaka wa kumi na nane.

Kwa kukaa muda mrefu hivyo, vivuli vyao vilikuwa vimeanza kulala upande wa kaskazini, iliko Yerusalemu, popote jua liliposimama. Hakuna aliyelifanya hilo kuwa jambo kubwa. Wanawake walijua tu kwamba usianike nguo kaskazini mwa mtu wa uwanjani aliyekaa, maana hazitakauka.

Mama yake Yezina aliitwa Fentanesh. Mwanawe mkubwa, Ayenew, aliondoka akiwa na miaka kumi na saba, kwa faili la babu yao wa upande wa baba. Majina ya Fentanesh na Yezina yalikuwa kwenye faili hilo hilo, ukurasa wa pili. Siku ya safari, karani alikuja na ukurasa wa kwanza peke yake. Aliwaambia kwamba wa ukurasa wa pili wangefuata baada ya miezi mitatu. Sasa Ayenew alikuwa na miaka thelathini na mitano, alioka mikate katika mji wa Netanya, kule Israeli, na alikuwa na watoto watatu ambao bibi yao aliwajua kwa simu tu. Moyo wa Fentanesh ulikuwa umeanza kuruka mapigo. Daktari alisikiliza kifua chake akamwambia asipande milima na asingojee sana. Hilo la kwanza aliliweza.

Mwaka huo ofisi ya maombi ya safari ilimpa tarehe. Aje siku ya kumi na mbili ya mwezi, baada ya sikukuu, ataje mababu zake saba na mahali walikozikwa, kuthibitisha ukoo wake wa Kiyahudi. Fentanesh alikuwa akiwataja tangu ujana wake. Aliwataja akisonga unga, akifagia, akisubiri maji yachemke. Alitaka kitu kimoja tu: kumshika Ayenew kichwa kabla moyo haujaacha kuruka na kunyamaza.

Alhamisi wakaja wageni.

Walikuwa watu thelathini kutoka nchi mbalimbali, Wayahudi wanaozunguka dunia kuona mahali Wayahudi wenzao walikoishi na wanakoishi. Kiongozi wao aliitwa Dvora, mwanamke mwembamba wa miaka sitini mwenye viatu vya kupandia milima, na alileta kundi mara mbili kwa mwaka. Safari yake ilianzia Gondar na kuishia Yerusalemu. Asubuhi aliwapeleka kwenye kijiji kimoja cha barabarani kinachouza sanamu za simba wa udongo, ambako zamani waliishi Wayahudi na siku hizi haishi hata mmoja. Hayo yalikuwa ya kale. Mchana aliwaleta uwanjani. Hayo yalikuwa ya sasa.

"Fentanesh, bado upo?" Dvora alisema kwa Kiamhari alichojifunza mwenyewe.

"Niende wapi, dada? Mwenye basi ni wewe."

Wanawake kwenye mabenchi walicheka, na Dvora akacheka nao. Wageni wakaimbiwa, wakaimba, wakapiga picha mikono ya wanawake inayodarizi na viatu vya watoto. Yezina alizungusha sinia la kahawa bila kuinua macho. Mgeni mmoja, mzee mnene mwenye kofia ya ukili aliyeitwa Lipman, alikaa karibu na Fentanesh akamwangalia kwa muda mrefu.

"Muulize anasubiri nini hasa," alimwambia Dvora.

"Mwambie nasubiri ukurasa wa pili," alisema Fentanesh.

Dvora alitafsiri kwa maneno mengi kuliko hayo. Lipman alitoa leso akapenga kamasi. Kisha akasema kichwa kinamzunguka kwa sababu ya urefu wa milima, akaenda darasani, akajilaza juu ya benchi la nyuma, akajifunika uso kwa kofia.

Saa kumi jioni Dvora aliwaita watu wake wapande basi. Yeye hakuhesabu watu, kama mama yake na bibi yake ambao nao hawakuhesabu watu. Daudi aliwahesabu Israeli ikaja tauni, na tangu hapo mtu mwenye adabu hamwonyeshi Myahudi mwenzake kidole akasema moja, mbili, tatu. Wengine wanatumia aya yenye maneno kumi, kila mtu neno lake. Dvora alizidi kuwa mwangalifu: aliisoma aya juu ya vivuli. Aliwapanga wageni ubavuni mwa basi, jua likiwa mgongoni mwao, na kila kivuli kilichoangukia basi akakipa neno moja.

"Kivuli si mtu," alimweleza dereva, "kwa hiyo hakina cha kudhurika."

Aliisoma aya mara tatu. Ikaisha sawasawa, neno la mwisho likaangukia kivuli cha mwisho.

Kivuli hicho cha mwisho kilikuwa na netela, lile shuka jeupe la pamba, na kilikuwa kimejitanda kichwani. Katika wageni hakuna aliyejitanda netela. Yezina alikuwa amesimama langoni na sinia lake. Aliangalia benchi, akamwona mama yake amekaa juani na hakuna chochote chini yake wala kaskazini mwake, ila vumbi na punje za mahindi. Akageuka kuangalia basi. Wageni walikuwa wanapanda. Kivuli kilipanda nyuma yao, polepole, kikishika nguzo ya mlango kama mtu mwenye moyo mgonjwa, kikakaa kwenye kiti cha dirishani.

Angeweza kuita. Lakini hakuwa na sauti ya kufika kwenye basi, na sinia lilikuwa limejaa vikombe. Mlango ukafungwa.

Saa kumi na mbili Mzee Zelleke, katibu wa kamati ya uwanja, alikwenda kufunga darasa akamkuta Lipman anapiga miayo. Mzee Zelleke alijua Kiingereza kidogo cha jeshini.

"Basi liko wapi?"

"Limeondoka. Lilijaa."

"Limejaaje bila mimi?"

"Hata sisi huwa tunajiuliza," alisema Mzee Zelleke. Akamkalisha jikoni, akampa injera, mkate wao mwembamba wa chachu, na mchuzi mzito wa dengu. "Karibu sana. Utakaa miezi mitatu tu."

Lipman alicheka mpaka akatoa machozi, kwa sababu pasipoti ilikuwa mfukoni mwake. Alipiga simu mbili, ya gari na ya ndege. Asubuhi gari lilikuja kumchukua, na Ijumaa hiyo hiyo kabla Sabato haijaingia alikuwa Yerusalemu, ameshaoga. Dvora hakuwa ametambua kosa lake mpaka kwenye ndege ya usiku, sahani moja ya chakula iliporudi haijaguswa.

Wakati huo hakukuwa na la kufanya. Walipotua, ofisa wa mlangoni aliipokea karatasi ya kundi, akawaangalia, akauliza huyu wa thelathini ni nani. Dvora hakujua kusema uongo.

"Ni kivuli cha Fentanesh binti Wondim, wa Gondar," alisema.

Ofisa alilitafuta jina kwenye kompyuta. Akaliona, limeandikwa anasubiriwa, miaka kumi na minane. Akafurahi, maana si kila siku mtu anayesubiriwa hufika. Akabonyeza.

Fentanesh mwenyewe alitambua siku ya pili, alipotaka kumkinga kifaranga na jua akaona jua linampita.

"Kimeenda?" alimwuliza Yezina.

Yezina alitikisa kichwa kukubali.

"Kwa basi?"

Akakubali tena.

"Kilikuwa kimejitanda?"

"Netela."

"Afadhali," alisema Fentanesh, akamhamisha kifaranga.

Jumapili Ayenew alipiga simu. Alisema alirudi kutoka kazini akakuta kivuli kimekaa kwenye ukuta wa jikoni, kati ya friji na dirisha. Alikijua kwa namna kilivyokunja mikono. Mke wake ameondoa kalenda ili kisibanwe. Majirani wamekuja kukiamkia, wameleta sukari na ndizi, na wazee wawili wamekiuliza habari za watu wa Gondar, lakini hakijajibu.

"Kinakula?" aliuliza Fentanesh.

"Mama, ni kivuli."

"Najua ni kivuli. Sitaki kiwe mzigo kwa mkeo."

"Watoto wanakiegemea wakifanya kazi za shule."

Fentanesh aliibana simu sikioni. Kisha akasema, "Simama karibu nacho."

"Nimesimama."

"Kinafanya nini?"

Simu ilikoroma. "Kimeniwekea mkono kichwani," alisema Ayenew.

Fentanesh aliuangalia mkono wake wa kulia, akaugeuza kiganja, akaugeuza tena.

"Mkono wangu haujasikia kitu," alisema.

Siku ya kumi na mbili alijitanda netela safi akaenda ofisi ya maombi na Yezina. Karani alikuwa kijana mpole aliyeletwa kutoka Israeli, mwenye mafua. Fentanesh alianza kutaja mababu kabla hajaambiwa akae. Alipofika wa tatu, aliyezikwa juu ya mto Angereb, kijana aliinua mkono.

"Mama, umeshafika."

"Wapi?"

"Kule. Imeandikwa hapa. Umeingia Ijumaa, saa kumi alfajiri, mlango wa nne."

"Hicho ni kivuli changu, mwanangu."

Kijana aliitazama sakafu chini ya kiti chake, akaona ni kweli. Akarudi kwenye kompyuta, akatafuta kwa uaminifu, kurasa zote.

"Hapa hakuna mahali pa kuandika kivuli," alisema. "Kuna mtu ameingia, au mtu hajaingia. Wewe umeingia. Faili limefungwa."

"Na mimi ninayekaa hapa?"

"Nakuona, mama. Lakini mtu hawezi kufika mara mbili."

"Hata hiyo mara moja sijafika, baba."

Kijana alipiga chafya akaomba radhi. Alimwuliza Yezina kama ana lolote la kuongeza, kwa kuwa faili la Yezina lilikuwa ndani ya faili la mama yake na limefungwa nalo. Yezina aliangalia vidole vyake. Kijana akaandika: hana la kuongeza. Kisha akawaambia njia iliyobaki. Aliyeingia kule akitoka, faili litafunguka.

Ayenew aliomba ruhusa kazini. Siku tatu mfululizo alisimama mbele ya ukuta akikibembeleza kivuli, na siku ya nne asubuhi kikakubali kumfuata kando kando ya kuta mpaka uwanja wa ndege. Pale waliambiwa kwamba kutoka kunahitaji pasipoti. Hakikuwa nayo. Wakaenda kwenye ofisi ya waliokaa bila karatasi, kuomba kifukuzwe. Mama mmoja mwenye miwani alikipima kwa macho dhidi ya kabati.

"Siwezi kukifukuza," alisema. "Sheria inafukuza mtu. Kivuli si mtu."

Ayenew akaomba aandikiwe hivyo, akaandikiwa, na mhuri ukapigwa. Barua ikatumwa Gondar. Kijana mwenye mafua aliisoma vizuri, akaituma juu kwa wakubwa wake, na wakubwa wakajibu kwamba kwenye kompyuta aliyeingia ni mtu. Barua zilikwenda na kurudi kwa miezi mitano. Kila ofisi ilisema kweli.

"Nikikitajia kutoka tena, kinajibana nyuma ya friji," Ayenew alisema kwenye simu. Alikuwa amechoka, sauti yake ilikuwa ya mtu wa makamo. "Mama, nifanyeje? Nikimulike na taa?"

"Kiache, mwanangu. Ningekuwa mimi ningejibana hivyo hivyo."

Mvua zilipokaribia, Dvora alirudi na kundi jingine. Alimwendea Fentanesh kabla ya kusalimia mtu yeyote, akapiga goti kwenye vumbi.

"Nilihesabu vibaya," alisema.

"Ulihesabu vizuri. Aya iliisha."

"Nimeandika barua nane."

"Najua. Inuka, unachafua suruali."

Dvora aliinuka. Hakuweza kufanya kitu, kwa hiyo alifanya alichokiweza: aliwasimulia wageni. Walimzunguka Fentanesh kwenye benchi, jua la saa sita likiwa juu yake, wakaona mwanga unavyopita chini ya miguu yake bila kuzuiwa. Wengine walilia. Mwanamke mmoja kijana alisogea ili kivuli chake mwenyewe kimfunike Fentanesh magoti, akakaa hivyo mpaka mguu ukamfa ganzi.

"Inauma?" aliuliza.

"Hapana. Ni baridi tu," alisema Fentanesh. "Lakini sogea kidogo, binti, unanizibia jua."

Kuanzia kundi lililofuata, karatasi ya ratiba ilikuwa na mstari mpya kati ya kahawa na nyimbo: mama asiye na kivuli, dakika kumi. Fentanesh alikuwa anajiweka tayari mapema, kwa sababu hakupenda kuwachelewesha watu. Na jioni, Dvora alipoisoma aya ubavuni mwa basi, maneno hayakumtosha tena. Vivuli vya uwanjani vilikuwa vinajipanga pamoja na vya wageni, kumi, kumi na viwili, kimoja kikiwa na mtoto mgongoni. Dvora aliviteremsha kwa upole, kimoja kimoja, kwa ncha ya mwavuli. Wenye vivuli walikuwa wamesimama langoni wakivingojea. Walivipisha vikarudi chini ya miguu yao, wakaenda kupika.

Mvua zilianza, zikanyesha, zikaisha, na za mwaka wa pili vile vile. Asubuhi moja baada ya mwaka mpya, Mzee Zelleke alipita vyumbani na daftari la darasa la Kiebrania, kama alivyofanya kila mwaka. Aligonga kwenye fremu ya mlango wa Fentanesh.

"Wanafunzi wangu wazima?"

"Wazima, mzee," alijibu Fentanesh kutoka ndani. "Mwaka huu unaanzia wapi?"

"Pale pale, sentensi ya kwanza: samahani, kituo cha basi kiko wapi."

"Hilo nalijua."

"Unalijua, lakini unalitamka kama mbuzi."

Fentanesh alikuwa bado hajainuka kitandani pake. Siku hizi alichelewa kuamka. Godoro lake la nyasi lilikuwa sakafuni, juu ya udongo, na mvua zile zilikuwa zimelilowesha kwa chini. Uwanjani hakuna aliyewahi kununua kitanda. Kitanda hakiingii kwenye ndege, na anayenunua kitanda anawaambia wenzake kitu. Alijiinua kwa kiwiko, akapumzika, akajiinua tena, midomo yake ikiwa na rangi ya majivu.

"Yezina, chukua kalamu," alisema. "Tuandike. Fentanesh na Yezina. Mwakani tutakuwa Yerusalemu, tusije tukaaibika kituoni."

Mzee Zelleke alimpa Yezina kalamu na kulifungua daftari kwenye ukurasa mweupe. Yezina aliishika. Aliangalia majina ya wengine, yaliyoandikwa kwa mwandiko ule ule wa mwaka uliopita. Kisha akairudisha kalamu mkononi mwa mzee, akachuchumaa karibu na godoro, na kwa sauti ambayo Mzee Zelleke hakuwa ameisikia tangu binti huyo awe mtoto, akasema:

"Mama, hatutakwenda. Tununue kitanda."